Herufi 22 za Kiebrania na konsonanti ambazo Mswahili tayari anazo

Majedwali mengi ya alfabeti ya Kiebrania yanayotufikia yamepitia kwa Waingereza kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi wa theolojia huambiwa kwamba sauti hii na ile "ni ngumu, haipo katika lugha yetu", ilhali anaitamka kila anaposema ghali, kheri au makhsusi. Ugumu huo ni wa Mwingereza, ambaye lugha yake haina gh wala kh. Wetu uko kwingine: kwenye ts, kwenye maneno yanayoishia kwa konsonanti, kwenye mkazo, na kwenye b, d na g zetu, ambazo tunazitamka kwa namna ya pekee bila kujua. Naandika haya kwa sababu nadhani Mswahili anayeanza Kiebrania aanze na koo lake mwenyewe, si na koo la mtu wa London.

Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi ni 22, hakuna kubwa wala ndogo, na zote 22 kwa asili ni konsonanti. Tano kati yake hubadili umbo zikija mwisho wa neno: kaf (כ huwa ך), mem (מ huwa ם), nun (נ huwa ן), pe (פ huwa ף) na tsadi (צ huwa ץ). Anayesoma Zaburi ya 119 ameshapita katikati ya herufi hizi zote hata kama hakujua: ina mafungu 22 ya mistari 8, jumla mistari 176, na kila mstari wa fungu moja huanza kwa herufi ile ile katika Kiebrania.

Kuielewa konsonanti yoyote, uliza mambo matatu. Hewa inazuiwa wapi: midomoni, kwenye meno, kwenye ufizi, kwenye kaakaa, au kooni? Inazuiwaje: kabisa kisha inaachiwa ghafla, yaani kipasuo kama b na k, au inabanwa tu ikapita kwa kukwaruza, yaani kikwamizo kama f na kh? Na nyuzi sauti zinatikisika au zimetulia? La tatu unalipima kwa vidole: weka viwili kooni, vuta s ndefu kisha z ndefu. Kwenye z utahisi mtetemo. Z ni ghuna, s si ghuna. Basi, maswali hayo matatu yanatosha kwa karibu kila kitu kinachofuata.

Herufi sita zenye sura mbili

Herufi sita, bet, gimel, dalet, kaf, pe na tav, zilikuwa na matamshi mawili kila moja katika Kiebrania kilichotiwa alama za kusomea. Nukta iliyowekwa ndani ya herufi, iitwayo dagesh, huifanya kipasuo. Bila nukta ni kikwamizo:

בּ b, ב v
גּ g, ג gh
דּ d, ד dh
כּ k, כ kh
פּ p, פ f
תּ t, ת th

Tazama orodha hiyo tena. Sauti zote kumi na mbili zimo katika Kiswahili, na tahajia yetu ina alama ya kila moja. Mwingereza anakwama kwenye gh na kh, Mfaransa anakwama kwenye th na dh. Sisi hatukwami popote.

Sababu ya jambo hili ni ya kimwili. Irabu hutamkwa kinywa kikiwa wazi. Kipasuo kikija baada yake, ulimi au midomo hulazimika kufunga kabisa kisha kufungua tena kwa haraka. Msemaji akiacha kufunga kabisa, hewa hupita kwa kukwaruza. Mahali hapabadiliki, au husogea kidogo tu, na ughuna haubadiliki. Kinachobadilika ni namna ya kuzuia. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: mwanzo wa neno, au baada ya konsonanti iliyofunga silabi, tamka kipasuo. Baada ya irabu, tamka kikwamizo.

Chukua mzizi wa konsonanti tatu k, t, b. Unaujua kwa njia ya Kiarabu: kitabu, katibu, maktaba. Kwa Kiebrania "aliandika" ni כָּתַב. Kaf iko mwanzo, basi ni k. Bet iko baada ya irabu, basi ni v: katav. (Tav nayo iko baada ya irabu, hivyo zamani ilikuwa th, kathav.) Sasa "ataandika", יִכְתֹּב. Kaf imekuja baada ya i, imekuwa kh. Tav imekuja baada ya kh iliyofunga silabi, imerudi kuwa t ngumu, na nukta imerudi ndani yake. Bet bado ni v. Unapata yikhtov. Barua ni מִכְתָּב, mikhtav, kwa hesabu hiyo hiyo. Mzizi ni ule ule, herufi ni zile zile, ila sauti zimesogea kwa kanuni. Aliyelielewa neno hili moja ameelewa sehemu kubwa ya mfumo.

Katika Israeli ya leo jozi tatu tu zimebaki: b na v, k na kh, p na f. Gimel ni g daima, dalet ni d daima, tav ni t daima. Waliokifufua Kiebrania kuwa lugha ya nyumbani, tangu siku za Eliezer Ben-Yehuda aliyehamia Yerusalemu mwaka 1881, wengi walikuwa wasemaji wa Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki), Kirusi na Kipolandi. Walipendelea usomaji wa Wayahudi wa Mediterania na Mashariki, lakini vinywa vyao havikuwa na gh, dh wala th, na watoto wao walirithi vinywa hivyo. Wayahudi wa Yemeni ndio waliozihifadhi zote sita, na mzee wa Kiyemeni akisoma Torati bado utazisikia gh na dh safi kabisa.

Ushauri wangu: mwanafunzi wa Biblia ajifunze jozi zote sita, kisha apunguze tatu akienda kuongea na watu Tel Aviv. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna dagesh ya pili yenye sura ile ile. Hii kazi yake ni kurudufu konsonanti. Utaitambua kwa kuwa iko baada ya irabu, mahali ambapo kwa kanuni tuliyotaja ungetarajia kikwamizo. Kinyozi ni סַפָּר: zamani sappar, leo sapar. Waisraeli hawarudufu tena, lakini p inabaki p, haiwi f. Kwa ufupi: ukiona nukta ndani ya ב, כ au פ, iwe ya aina yoyote, ni b, k, p. Herufi za kooni na resh kwa kawaida hazipokei nukta hii kabisa.

Kooni

Herufi nne ni za koo: alef א, he ה, het ח na ayin ע. Alef ni mkato wa nyuzi sauti, ule unaosikika katikati ya "a-a!" ya kukataa. He ni h yetu. Het ya zamani ni h iliyobanwa kooni, ile ya Kiarabu katika neno lililotupa hukumu na hesabu. Ayin ni mwenzake het aliye ghuna, na ndiyo konsonanti ambayo Waswahili tulipokea maneno yake tukaiacha: saa, maana, arobaini, yote yana ayin kwa Kiarabu. Waisraeli wengi wamefanya vivyo hivyo. Kwao alef na ayin zote hazina sauti mara nyingi, na het imeungana na kaf isiyo na nukta, zote mbili kh.

Lakini kh yao si ya kheri hasa. Ya kheri hukwaruza kwenye kaakaa laini. Ya Mwisraeli iko nyuma zaidi, kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Kuifikia, tamka "ka" polepole, sogeza sehemu ya ulimi inayogusa nyuma kidogo kidogo hadi inakaribia kukuletea kichefuchefu, kisha legeza ili hewa ikwaruze. Hapo hapo, ukiongeza mtetemo wa nyuzi sauti na kupunguza mkwaruzo, unapata r ya Tel Aviv. Usihangaike nayo sana, hata hivyo. R yetu ya ufizi inaeleweka vizuri, na waliokuwa wakipanga lugha hapo mwanzo waliipendelea hiyo hiyo.

Ayin ina siri nzuri. Alfabeti ilichukuliwa kwa Wafoinike ikiwa na herufi 22, lakini Kiebrania cha kale kilikuwa na sauti nyingi kuliko herufi. Baadhi ya herufi zikabeba sauti mbili. Ayin ilibeba ayin yenyewe na gh. Tunajuaje? Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri maandiko kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, baadhi ya majina yenye ayin waliyaandika kwa gamma, na mengine bila konsonanti yoyote. עזה na עמורה wakayapa gamma, ndiyo maana tunasoma Gaza na Gomora. Lakini עלי, yule kuhani wa Shilo, ni Eli tu. Kwa Kiarabu mji ule mpaka leo ni Ghazza. Herufi ilikuwa moja. Masikio yao yalisikia mbili.

Shin ש nayo ilibeba mbili, na baadaye nukta ikawekwa kuzitenganisha: juu kulia שׁ ni sh, juu kushoto שׂ ni s. Waamuzi 12 inaonyesha kwamba mpaka kati ya sh na s ulikuwa wa kufa na kupona. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, wakamwambia kila anayetaka kuvuka aseme Shibolethi, na Mwefraimu akasema Sibolethi. Ulimi kusogea mbele kidogo kuelekea ufizi kukamtambulisha mtu. Maandiko yanataja waliokufa 42,000.

Herufi zilizoungana sauti

Tet ט, qof ק na tsadi צ zilikuwa konsonanti nzito. Tet ilikuwa t iliyokazwa, ulimi ukirudi nyuma. Qof ilikuwa k ya kwenye kimio. Tsadi ilikuwa s nzito. Leo tet na tav zote ni t, qof na kaf yenye nukta zote ni k, tsadi imekuwa ts.

Kiswahili kilipatwa na jambo lile lile kwa maneno ya Kiarabu. Tabibu na tarehe zina t mbili tofauti kwa Kiarabu, kalamu na kitabu zina k mbili tofauti. Sisi tuliamua kuandika kwa sikio, hivyo hakuna anayekosea. Kiebrania kiliamua kuandika kwa ukoo, na matokeo yake ni makosa ya imla ambayo hata Mwisraeli aliyesoma huyafanya. "Or" ikiandikwa kwa alef, אור, ni nuru. Kwa ayin, עור, ni ngozi. "Im" kwa alef, אם, ni "kama"; kwa ayin, עם, ni "pamoja na". "Kar" kwa qof, קר, ni baridi. Kwa kaf, כר, ni mto wa kulalia. Masikioni ni kitu kimoja. Hakuna kanuni ya matamshi itakayokuokoa. Unakariri, au unatafuta ndugu wa neno.

Na hapo pwani inatusaidia kuliko tunavyodhani. Wazee wanaosema swaumu na twahara badala ya saumu na tohara wanatunza alama ya uzito wa Kiarabu: ile w ni mwangwi wa konsonanti nzito. Kwa Kiebrania kufunga ni צום, tsom, kwa tsadi. Safi ni טהור, tahor, kwa tet. Karibu ina qof kwa Kiarabu, na Kiebrania chake ni קרוב, karov, kwa qof. Zipo na kanuni za kubadilishana. Th ya Kiarabu mara nyingi husimama mahali pa sh ya Kiebrania, kama thelathini na shloshim. Dh husimama mahali pa z: dhahabu ni זהב, zahav. Anayejua maneno mia mbili ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu ana ufunguo wa imla ambao Mwingereza hana.

Yanayotutoa jasho kweli

Kwanza ts. Usiseme "s" wala "ti-s". Weka ulimi mahali pa t, zuia hewa, kisha achia moja kwa moja ndani ya s bila kupitia irabu. Ch yetu hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, t ikiachiwa ndani ya sh. Sogeza mbele hadi kwenye ufizi, umeipata.

Pili, b, d na g. Tunapotamka baba, dada na gari, wengi wetu hushusha koromeo na kuvuta hewa kidogo ndani. Kwa sikio la Kiebrania hilo husikika kama kishindo kisichohitajika. Katika mbuzi, ndizi na ngano hatufanyi hivyo. Chukua b ya mbuzi, ondoa m, itumie hiyo.

Tatu, silabi. Kiswahili hupenda kila silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo shalom huwa "shalomu" na ktav huwa "kitavu". Hilo la mwisho ni baya zaidi, maana irabu ya ziada inaweza kuzaa neno jingine. Alama ya shva, nukta mbili zilizosimama chini ya herufi, ndiyo inayohusika. Mwanzoni mwa neno, katika usemi wa leo, itamke kama e fupi ikiwa konsonanti iliyo juu yake ni y, l, m, n au r: yeladim, levana, medina, neshama. Kwa nyingine nyingi iache kimya, konsonanti zigusane: ktav, shtayim, dvarim.

Nne, mkazo. Wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuhangaika. Wa Kiebrania mara nyingi huwa wa mwisho, na pengine wa pili kutoka mwisho, na maandishi ya kawaida hayakuonyeshi. בירה ukikaza bi ni bia. Ukikaza ra ni mji mkuu.

Irabu zenyewe hazitatusumbua. Kiebrania cha leo kina a, e, i, o, u kama sisi. Alama zake ziliwekwa na wanazuoni wa Tiberia, Wamasora, waliotaka kuulinda usomaji bila kugusa hata konsonanti moja ya maandiko. Ndiyo maana nukta zote ziko juu, chini au ndani ya herufi, hakuna iliyoingia kwenye mstari. Kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Aleppo, iliyotiwa nukta na Aharon ben Asher mnamo mwaka 930, na Kodeksi ya Leningrad ya mwaka 1008 ndizo mashahidi wakuu wa kazi hiyo. Mtego mmoja tu: het ya mwisho ikiwa na kistari cha a chini yake, a hiyo husomwa kabla ya het. נֹחַ ni Noakh, si Nokha.

Lakini gazeti, risiti na kibao cha barabarani havina nukta. Humo ספר inaweza kuwa sefer (kitabu), sapar (kinyozi), safar (alihesabu) au sfar (eneo la mpakani). Siper, alisimulia, siku hizi huandikwa kwa yod, סיפר, maana katika maandishi yasiyo na nukta herufi vav na yod hukopeshwa kuwa irabu: vav kwa o na u, yod kwa i na wakati mwingine e. Na angalia kwamba dagesh nayo imeondoka, hivyo hujui kama פ ni p au f. Msomaji huamua kwa sentensi. קראתי ספר, "nilisoma…", ni kitabu. הלכתי לספר, "nilienda kwa…", ni kinyozi. Kwa neno la asili usilolijua, bahatisha hivi: ב, כ, פ mwanzoni ni b, k, p, mwishoni ni v, kh, f.

Kosa la macho nalo lipo. Dalet ד ina kona kali inayochomoza juu kulia, resh ר imepinda. Ni tofauti ndogo kiasi kwamba watu wale wale wanaitwa Dodanim katika Mwanzo 10:4 na Rodanim katika 1 Mambo ya Nyakati 1:7 kwa Kiebrania. Bet ב ina kisigino chini kulia, kaf כ haina. He ה ina upenyo juu kushoto, het ח imefungwa. Samekh ס ni duara, mem ya mwisho ם ni mraba. Ukubwa wa herufi ukiwa mdogo kwenye simu, kuza skrini kabla ya kusoma.

Ukitaka kuandika majina yetu, anza na desturi ya maneno ya kigeni: t huandikwa kwa tet na k kwa qof, kwa kuwa tav na kaf zina historia ya kulainika. Ndiyo maana Tanzania ni טנזניה na Kenya ni קניה. Kwa j na ch ongeza kistari kidogo baada ya herufi: Juma ni ג׳ומה, Chande huanza kwa צ׳. P ya mwisho hubaki פ, kwa sababu ף ni f daima. Asha ana shida: אשה bila nukta itasomwa isha, mwanamke, kwa hiyo weka nukta angalau mara ya kwanza, אָשָׁה. Na Rehema lazima achague. Jina lake ni ndugu wa רחמים, rakhamim, huruma, na kwa ukoo linastahili het. Lakini akiliandika kwa het, karani wa Tel Aviv atamwita Rekhema. Akitaka kuitwa kama anavyoitwa nyumbani, aandike kwa he: רהמה.